Nyumba Inayovuta Gari: Mabasi Makuukuu na Safari za Familia Nchini Marekani

Basi kuukuu lililong'olewa viti na kutiwa vitanda, jiko na choo, kisha likafungwa gari dogo nyuma yake, ni chombo ambacho hakuna kiwanda kilichokibuni. Kilitokana na watu binafsi wa Marekani kununua kile ambacho kampuni za mabasi zilikuwa zimekwisha kukichoka, wakakitengeneza uani kwao kwa misimu kadhaa, na hatimaye wakapakia watoto na kuondoka. Wanaosimulia historia hiyo huvutiwa zaidi na barabara na mandhari, ilhali sehemu kubwa ya maisha ya chombo chenyewe hupita kikiwa kimesimama, mwenyewe akiwa amelala chini yake na tochi mdomoni. Ndiyo maana makala haya yanafuata kazi ya maandalizi: jinsi basi lilivyopatikana na kugeuzwa, jinsi gari dogo lilivyoingia nyuma yake, na namna nidhamu ya karakana za kampuni kubwa ilivyohamia mikononi mwa baba na mama wa familia.

Hamu ya kusafiri ndani ya basi la nyumbani ilitangulia mabasi makuukuu kwa miongo mingi. Mwaka 1915 Roland Conklin, mkuu wa kampuni iliyounda mabasi ya kutumia petroli na umeme kwa pamoja, aliondoka na familia yake Huntington, jimbo la New York, kuelekea San Francisco. Gari lao, lililoundwa maalumu na kampuni hiyo na kupewa jina la Gypsy Van, lilikuwa na urefu wa futi 25 na uzito wa tani 8, na ndani yake mlikuwa na jenereta, taa za umeme, jiko kamili, vitanda vya kukunjwa kama vya behewa la treni, santuri, na hata kabati la siri la vinywaji. Conklin alikuwa tajiri na basi lake lilikuwa jipya, hivyo safari yake inaonyesha tamaa tu, kwani desturi ilikuwa bado haijazaliwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu wa kipato cha kawaida walijenga vibanda vya mbao juu ya chasisi za malori madogo, na wengi zaidi wakachagua trela, yaani nyumba ndogo isiyo na injini inayovutwa na gari la familia. Mpangilio huo, gari mbele na nyumba nyuma, ulionekana kuwa wa kawaida kabisa hadi wenye mabasi walipoupindua.

Kilichogeuza tamaa ya tajiri mmoja kuwa desturi ya watu wengi ni hesabu za biashara. Kampuni ya Greyhound, iliyoanzia Hibbing, Minnesota, mwaka 1914, pamoja na mshindani wake Trailways, zilihitaji mabasi yanayoweza kutembea usiku na mchana kwa miaka bila kukwama njiani, na ziliyagharimia ipasavyo. Hata hivyo abiria hupenda kipya, na mhasibu naye hushusha thamani ya basi kila mwaka hadi vitabuni likabaki halina kitu, hivyo basi lililokuwa bado na nguvu liliuzwa kwa kampuni ndogo, kisha kwa kanisa au timu ya michezo, na mwishowe kwa yeyote aliyefika na pesa taslimu. General Motors ilitoa zaidi ya mabasi 5,000 ya aina ya PD-4104 kati ya mwaka 1953 na 1960. Basi hilo lilikuwa na urefu wa futi 35, na badala ya springi za chuma lilikalia mifuko ya mpira iliyojazwa upepo, jambo lililolifanya liende kwa utulivu ambao gari lenye springi za lori halikuweza kuufikia. Greyhound peke yake iliundiwa mabasi 1,001 ya Scenicruiser kati ya mwaka 1954 na 1956, yenye urefu wa futi 40 na sakafu ya ngazi mbili, ambayo mwanzoni yaliendeshwa na injini mbili zilizounganishwa pamoja, mpango uliosumbua sana hata yakafungwa injini moja mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mabasi ya Eagle ya Trailways yaliundwa kwanza Ujerumani, kisha Ubelgiji, na baadaye Brownsville, Texas, na yale ya MCI yalitoka Winnipeg, Kanada. Kila aina ilikuja kuwa na wapenzi wake, na ubishi baina yao haujaisha hadi leo.

Msomaji wa Afrika Mashariki, ambako mabasi mengi yametengenezwa kwa mafundi kujenga bodi juu ya chasisi ya lori, anahitaji kuzingatia tofauti moja ili aelewe ugumu wa kazi iliyofuata. Basi la General Motors la miaka hiyo halikuwa na chasisi kamili chini yake. Bodi yenyewe, kwa mabati yake ya alumini yaliyopigwa ribiti mfululizo na mbavu zake za ndani, ndiyo iliyobeba uzito wote, kama ganda la yai linavyojibeba. Aliyekata ubavu ili apate dirisha kubwa zaidi, bila kufahamu jambo hilo, alikuwa anakata mfupa.

Injini nayo ilikuwa na tabia zake. Mabasi mengi ya wakati huo yalitumia dizeli ya Detroit ya mfululizo wa 71, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1938, na jina lake lilitokana na ujazo wa kila silinda, inchi za ujazo 71, kiasi kwamba injini ya silinda 6 iliitwa 6-71 na ile ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V ikaitwa 8V-71. Ilikuwa injini ya mipigo miwili, maana yake kila pistoni ilisukumwa na mlipuko kila inapopanda na kushuka mara moja, badala ya mara mbili kama ilivyo katika dizeli nyingi. Kwa kuwa injini ya namna hiyo haiwezi kujivutia hewa yenyewe, ilifungwa kipulizio cha kuisukumia, na hapo ndipo ulipotoka ule mlio wake mkali ambao waliowahi kulala ndani ya basi la Greyhound hawausahau. Ilitaka oili nzito ya namba 40 peke yake, si zile zenye namba mbili zinazouzwa kila kituo cha mafuta, na ilivuja. Mafundi walitania kwamba Detroit isiyovuja imeishiwa oili. Utani huo una sehemu yake katika habari za gari la kuvutwa, kama itakavyoonekana.

Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956, iliyoidhinisha mtandao wa kitaifa wa maili 41,000, iliwapa wenye mabasi njia pana zisizo na makutano, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1960 walikuwa wengi kiasi cha kutafutana. Tarehe 20 Julai 1963 familia 26 zenye magari ya kulala zilikusanyika Hinckley, jimbo la Maine, ili kutazama kupatwa kwa jua, na katika mkutano huo wakaanzisha chama cha Family Motor Coach Association, ambacho makao yake yaliwekwa Cincinnati, Ohio. Sharti la uanachama lilikuwa kwamba makazi ya mtu yawe na injini yake yenyewe, hivyo wenye trela walibaki nje ya lango kwa zaidi ya nusu karne, hadi wanachama walipopiga kura ya kuwaruhusu mwaka 2017. Kibao cha chama chenye umbo la yai na namba ya mwanachama, kilichobandikwa nyuma ya basi, kilikuwa kama hati ya utambulisho njiani: aliyeharibikiwa na basi katika mji mgeni aliweza kumtambua mwenzake kwa kibao hicho, na mara nyingi mwenzake huyo alikuwa na spana zinazohitajika.

Sambamba na familia walikuwapo wanamuziki, na mengi ya kugeuza mabasi yalijifunzwa kutoka kwao. Kundi la nyimbo za Injili la Blackwood Brothers la Memphis lilipoteza waimbaji wawili katika ajali ya ndege yao mwezi Juni 1954, na baada ya hapo likarudi barabarani kwa basi, ambalo mwimbaji wake mpya wa sauti nzito, J. D. Sumner, alilitengenezea vitanda. Sumner husifiwa kuwa ndiye wa kwanza kugeuza basi kwa ajili ya wasanii. Sifa hiyo inahitaji kupunguzwa, kwani kabla yake Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji na mpiga gitaa Mweusi, alikuwa akizunguka na basi lenye mahali pa kulala kwa sababu iliyo wazi: hoteli nyingi za majimbo ya kusini hazikuwapokea watu Weusi. Katika hali hiyo kitanda ndani ya basi kilikuwa hitaji, na historia inayoanza na starehe ya Wazungu waliostaafu inaacha nusu ya habari.

Tawi la tatu lilikuwa la mabasi ya shule. Mkutano ulioitishwa na Frank W. Cyr katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwezi Aprili 1939 ulipitisha viwango 44 vya mabasi hayo, pamoja na ile rangi ya manjano inayojulikana duniani kote kupitia filamu, na kuanzia hapo kila wilaya ilikuwa na mabasi yanayofanana, yenye chasisi ya lori na bodi ngumu ya chuma, ambayo yakifika umri fulani hupigwa mnada kwa bei ndogo. Basi la mwaka 1939 la International Harvester ambalo mwandishi Ken Kesey na wenzake walilipaka rangi za kila namna na kulipeleka New York mwaka 1964 ndilo lililopata umaarufu kuliko yote. Kinachosahaulika ni kwamba walilinunua likiwa tayari na vitanda, kwa kuwa mwenyewe wa awali alikuwa amekwisha kuligeuza kwa ajili ya familia yake kubwa. Mwaka 1970 msafara wa makumi ya mabasi ya shule ulimfuata Stephen Gaskin kutoka San Francisco, na mwaka uliofuata ukatia nanga Summertown, Tennessee, ambako mabasi hayo yaligeuka nyumba za kijiji. Majimbo mengi humtaka anayenunua basi la shule alipake rangi nyingine na kuondoa taa za kusimamisha magari pamoja na kile kibao cha mkono kinachofunguka ubavuni, kwa sababu dereva anayekuja nyuma akiiona manjano ile hutazamia mtoto avuke. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya maandalizi, kabla hata ya kuwaza kitanda, huwa ni brashi na ndoo ya rangi.

Kugeuza basi la abiria kulianza kwa kung'oa: viti, reli zake zilizofungwa sakafuni kwa nati zilizokwisha kushika kutu, choo cha nyuma, na plywood iliyooza kwa maji ya miaka. Kisha madirisha mengi yalizibwa kwa mabati yaliyopigwa ribiti, kwani kioo hupitisha joto na baridi, na kuta zikajazwa povu la kuzuia hali hizo. Tatizo lililowatesa wengi lilikuwa kimo. Mtu akiweka povu na ubao mpya juu na chini ndani ya basi lenye kimo cha ndani kisichofika mita 2, mwanamume mrefu huanza kuinama, na ndiyo sababu wenye ujasiri walikata nguzo zote za ubavuni kwa usawa mmoja, wakainua paa zima kwa jeki, na kuchomelea vipande vya kuziba pengo. Jiko liliwekwa katikati, chumba cha kulala nyuma, juu ya injini, mahali ambapo wakati wa safari huwa pa moto na penye kelele, lakini usiku injini imezimwa pakawa pa faragha kuliko kwingine. Vyumba vya mizigo chini ya sakafu, vilivyowahi kubeba masanduku ya abiria, vilitiwa tanki la maji safi, matanki mawili ya maji machafu, moja la sinki na bafu na jingine la choo, pamoja na betri na jenereta. Lita 380 za maji safi ni kilo 380, na zikiwekwa zote upande mmoja basi huinama upande huo hata mifuko ya upepo ikijitahidi vipi. Hivyo mjenzi mwangalifu aliliendesha basi hadi kwenye mizani ya malori, akapima kila ekseli, ndipo akajua tairi zake zijazwe upepo kiasi gani.

Nyumba hiyo ilipokamilika ikaonekana ina kasoro moja kubwa: ikishafika kambini, ikasawazishwa, ikaunganishwa na bomba la maji, waya wa umeme na mpira wa majitaka, haiendi tena sokoni. Wa kwanza walifunga pikipiki au skuta kwenye bampa la nyuma, jambo linalomfaa mtu asiye na watoto. Jibu lililodumu ni kufunga gari dogo nyuma na kulivuta likiwa juu ya magurudumu yake manne, na hapo mpangilio wa zamani wa trela ukawa umepinduliwa, nyumba ikavuta gari. Wamarekani wamelipa gari hilo majina mawili. La kwanza ni jina la mashua ndogo ifuatayo chombo kikubwa, neno ambalo Kiingereza kililichukua kutoka lugha za India, na msomaji wa pwani ataona mara moja kwa nini linafaa, maana jahazi hutia nanga kwenye maji ya kina na watu hushuka kwa mashua. La pili ni chura, kwa sababu tu katika Kiingereza neno la kitu kinachovutwa hutamkwa sawasawa na jina la mnyama huyo.

Si kila gari lilikubali kuwa chura. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilipendwa mapema kwa kuwa ilikuwa nyepesi, giaboksi yake ilikuwa ya mkono, na ekseli yake ya mbele ilikuwa na mirija miwili ya chuma iliyolala mlalo, ambayo chuma cha kuvutia chenye umbo la herufi A kiliweza kubanwa juu yake bila kutoboa chochote. Magari ya otomatiki yalileta balaa, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kuwa imewagharimu watu wengi. Ndani ya giaboksi nyingi za otomatiki pampu ya oili huzungushwa na injini. Gari likivutwa injini ikiwa imezimwa, magurudumu yanazungusha vipande vya ndani ya giaboksi huku pampu imelala, na baada ya kilomita kadhaa chuma kinasagana na chuma bila oili. Tiba zilikuwa kufunga pampu ya nyongeza ya umeme, kutenganisha propela kwa kifaa maalumu, au kuchagua gari ambalo maumbile yake yanaruhusu. Magari madogo ya Saturn, chapa ya General Motors iliyokuwapo sokoni tangu mwaka 1990 hadi 2010, yalipata soko la pekee kwa sababu hata yale ya otomatiki yaliweza kuvutwa, na Jeep yenye giaboksi ya pili ya kugawa nguvu iliweza kuwekwa huru kabisa. Hivyo familia nyingi zilichagua gari la nyumbani kwa swali ambalo muuzaji hakulitarajia: linavutika?

Upande wa basi nao ulikuwa na ugumu wake, uliotokana na lile ganda la yai. Injini iko nyuma, na bampa la nyuma ni pambo tu. Hakuna boriti ya chasisi ya kuchomelea ndoano ya kuvutia. Mjenzi alilazimika kutafuta mahali penye nguvu, kwa kawaida fremu iliyobeba injini pamoja na ukuta wa chuma ulio mbele yake, akaunganisha vyuma virefu hadi hapo, tena kwa bolti, kwa sababu siku injini itakapohitaji kutolewa itatoka kwa nyuma, na ndoano iliyochomelewa moja kwa moja ingeifungia ndani kama mfungwa. Taa za gari dogo ziliunganishwa na za basi kwa waya uliopitia daiodi, vifaa vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, ili umeme wa basi usiingie katika mfumo wa gari na kuuchoma. Minyororo miwili ya akiba ilipishanishwa chini ya chuma cha kuvutia ili kikikatika kidakwe kisichimbe lami. Breki za gari dogo zilichelewa kukubalika, kwa kuwa basi la tani 10 au zaidi halihisi gari la tani moja nyuma yake, na wengi walijivunia kutohisi huko. Lakini kisichohisiwa kwenye usukani huhisiwa na breki kwenye mteremko mrefu, na sheria za majimbo, ambazo katika mengi huanza kudai breki kwenye uzito wa karibu kilo 1,360, ziliwalazimisha wabishi kununua kifaa cha kuikanyaga pedali ya gari pamoja na kamba ya dharura inayofunga breki hizo gari likichomoka.

Kufikia hapo wenye mabasi hawakuwa tena peke yao barabarani. Tangu mwaka 1966 kiwanda cha Winnebago huko Forest City, Iowa, kilikuwa kikitoa magari ya kulala kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu, na mwenye pesa nyingi aliweza kununua basi tupu la Prevost la Quebec likiwa jipya na kulipeleka kwa wageuzaji wa kulipwa, kama Marathon Coach ya Oregon, iliyoanza mwaka 1983. Sheria za moshi ziliiondoa dizeli ya mipigo miwili katika mabasi mapya miaka ya 1990, na mafundi waliozijua injini hizo wakazeeka pamoja nazo. Waliobaki na mabasi makuukuu walibaki kwa kupenda, na wenyewe hujiita wendawazimu wa mabasi bila kuona haya.

Kinachowatofautisha na wenye magari ya kiwandani ni kazi za siku chache kabla ya safari. Majimbo mengi hayamdai mwenye basi la familia leseni ya dereva wa biashara, kwa hiyo mtu aliyezoea gari dogo huruhusiwa kukamata usukani wa chombo chenye breki za upepo bila mtu yeyote kumpima. Pengo hilo lilizibwa na wenye mabasi wenyewe, kwa kuchukua taratibu za ukaguzi za madereva wa kampuni, ambazo nyingi zilifika kwao kwa njia ya vitabu vya matengenezo vilivyouzwa pamoja na basi, vikiwa bado na alama za vidole vya grisi.

Ukaguzi huanza na upepo. Injini huwashwa hadi mitungi ijae, kiasi cha pauni 120 kwa kila inchi ya mraba, kisha huzimwa, magurudumu yakiwa yamewekewa vigingi; pedali hukanyagwa na kushikiliwa kwa dakika moja, na mshale wa geji haupaswi kushuka zaidi ya pauni 3. Baada ya hapo pedali hukanyagwa na kuachiwa mara nyingi, mtu wa pili aliye nje akisikiliza mahali penye mlio wa upepo unaovuja, hadi king'ora cha tahadhari kilie kwenye pauni 60 hivi. Mitungi hufunguliwa chini ili itoe maji, kwani hewa iliyobanwa huacha unyevu, na unyevu huo wakati wa baridi huganda ndani ya vali. Kukaza breki kwa spana kunamtaka mtu aingie chini ya basi, na hapa taratibu hazina mzaha: basi lililokalia mifuko ya upepo likipoteza upepo hushuka ghafla hadi karibu na ardhi, jambo ambalo limewahi kuua watu, hivyo haingii mtu kabla ya magogo au stendi za chuma kuwekwa chini ya bodi.

Tairi hutazamwa umri kabla ya kashata. Basi la familia hukaa miezi bila kutembea, mpira wake unapasuka kwa jua huku kashata ikiwa bado ndefu, na kwa hiyo mwenyewe husoma tarakimu 4 zilizochapwa ubavuni tangu mwaka 2000, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Nati za magurudumu hukazwa upya, na mgeni hushangaa kuona kwamba katika magurudumu ya mtindo wa Budd nati za upande wa kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kinyume. Wapo waliozivunja kwa kudhani zimeshika kutu. Kifuniko cha kuzuia hewa isiingie kwenye injini hujaribiwa kwa mkono, kwa kuwa Detroit ikianza kunywa oili yake yenyewe hukimbia bila kuzimika hata mafuta yakifungwa, na kuinyima hewa ndiyo njia pekee iliyobaki. Mambo ya ndani ya nyumba huachiwa mwisho na huchukua muda mrefu kuliko inavyodhaniwa: friji ya gesi huwashwa siku moja kabla kwa kuwa hupoa polepole, matanki husafishwa, kila droo hufungiwa kitasa, na watoto huonyeshwa dirisha la dharura, ambalo ni lilelile walilotengenezewa abiria miaka 50 nyuma.

Gari dogo hufungwa basi likiwa limeshatolewa nje na kunyooshwa, kwa sababu vyombo hivi viwili vikishaungana haviwezi kurudi nyuma hata kidogo: magurudumu ya mbele ya gari hujikunja yanakotaka na kukipinda chuma cha kuvutia. Ufunguo huachwa kwenye nafasi inayofungua usukani, gia huwekwa huru, breki ya mkono huachiwa, na hili la breki ya mkono huulizwa mara mbili, kwani basi litalivuta gari lililofungwa breki kilomita nyingi bila dereva kujua, hadi tairi zitakapotoa moshi. Mmoja husimama nyuma na kuita taa moja moja, kushoto, kulia, breki, naye aliye kwenye usukani hujibu kwa kuzikanyaga na kuzizungusha. Basi husogezwa mita chache kwa mwendo wa kinyonga, mwenye kusimama nyuma akiangalia kama magurudumu yote manne ya gari yanazunguka na pini zimekaa, ndipo anapopanda na mlango kufungwa.

Jioni, mahali pa kulala, pini hizo huchomolewa na gari hupumzishwa kando. Kioo chake cha mbele kinakuwa kimefunikwa utando mwembamba wa oili iliyorushwa na Detroit safari nzima, ukiwa umenasa vumbi na wadudu, na kwenye chumba cha mizigo kilicho karibu na mlango huwapo daima chupa ya sabuni na kitambaa, ili atakayetumwa dukani kununua mkate na maziwa aanze kwa kukipangusa.